Wenye Kisukari: Jinsi ya Kufuatilia Kidonda cha Mguu kwa Picha

Mtu mwenye kisukari anaweza kukanyaga msumari asihisi. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na kupunguza damu inayofika miguuni. Kwa kuwa hakuna maumivu, kidonda hupuuzwa hadi kinapofika mfupani, na wengine hukatwa mguu.

Anayetazama kidonda kila siku hawezi kutambua mabadiliko kwa kumbukumbu pekee. Ndiyo maana wahudumu wa afya hukipima na kukipiga picha. Mkazi wa Kawangware, Kangemi au Dagoretti anaweza kufanya hivyo nyumbani kwa simu, kati ya siku moja ya kliniki na nyingine:

1. Piga picha mara moja kwa wiki, bandeji inapobadilishwa na kidonda kikiwa kimesafishwa.
2. Kaa karibu na dirisha mchana. Usitumie flashi.
3. Weka rula safi kando ya kidonda bila kukigusa, pamoja na karatasi yenye tarehe.
4. Piga picha ya mguu mzima, kisha ya kidonda, kwa umbali uleule kila wiki. Kidonda kikiwa kwenye wayo, mwombe mtu wa nyumbani akusaidie.

Zidisha urefu kwa upana. Kidonda cha sentimita 4 kwa 3 ni kama sentimita 12 za mraba. Baada ya wiki 4 za matibabu kinafaa kuwa kimepungua kwa nusu, yaani 6 au chini. Kisipopungua hivyo, mwonyeshe daktari picha zote ili achunguze upya sukari, mzunguko wa damu, maambukizi na viatu unavyovaa.

Hata hivyo, picha haionyeshi kina, joto wala harufu. Ukiona usaha, weusi au wekundu unaoenea, au ukipata homa, usisubiri picha ya wiki ijayo. Nenda siku hiyohiyo katika kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Mbagathi.

Linda picha zako pia. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti. Usizitume kwenye vikundi vya WhatsApp. Mhudumu anayetaka kukupiga picha anapaswa kukueleza sababu na kuomba idhini yako kwanza.