Tampa na watoto: ingieni Moroko, fikeni Kisangani

Mjini Tampa, Florida, kuna bustani kubwa ya burudani iitwayo Busch Gardens. Ilifunguliwa mwaka 1959, na sehemu zake nyingi zina majina ya Afrika: mlango mkuu unakuingiza Moroko, na ndani utakuta Nairobi, Kongo na Stanleyville. Familia za kwetu Bunia zilizohamia Marekani zikipeleka watoto pale, watoto watafurahia michezo bila msaada wa mtu. Ila nchi zilizo nyuma ya majina hayo hawataambiwa na mtu mwingine zaidi ya papa na mama. Jiandaeni hivi.

Kabla ya kutoka nyumbani

Nunueni tiketi kwenye intaneti, kwa kawaida ni nafuu kuliko mlangoni. Wekeni pembeni pesa ya kuegesha gari, maana hulipwa kivyake. Pimeni urefu wa kila mtoto. Magari ya kasi ya SheiKra na Kumba yote mawili yanataka sentimita 137. Mtoto akiambiwa ukweli huo nyumbani hatalia mbele ya foleni.

Bunia iko juu ya mita 1,200, jua lake lina upepo. Tampa iko usawa wa bahari, na joto lake ni la jasho. Vaeni nguo nyepesi, kofia na viatu vilivyozoea miguu. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua za radi hupiga sana mchana, na radi ikikaribia michezo ya nje husimamishwa. Kwa hiyo fikeni mlango unapofunguliwa.

Msiikimbie Moroko

Watu wengi huipita Moroko mbio wakitafuta michezo. Simameni kwanza. Onyesheni watoto matao na vigae vyenye nyota na pembe. Fundi wa Fez hukata kipande kimoja kimoja kwa nyundo, kisha huvipanga mpaka ukuta mzima uwe umechorwa. Kazi hiyo inaitwa zelij. Mpeni kila mtoto kazi ya kutafuta umbo linalojirudia. Waambieni pia kwamba hapa ni mfano tu: Moroko yenyewe ina milima ya Atlas yenye theluji, na tangu 2011 katiba yake inatambua Kiarabu na Kitamazighti kuwa lugha rasmi.

Pale pale wasimulieni habari za msafiri Ibn Battuta. Alizaliwa Tangier mwaka 1304, akafika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na maandishi yake bado yanatuambia miji ya Waswahili ilikuwaje wakati ule. Mtoto anayesema Kiswahili nyumbani ajue kwamba Mmoroko huyo alikanyaga pwani ya lugha yake karibu miaka 700 iliyopita.

Wanyama asubuhi, maji mchana

Kutoka Moroko, nendeni Myombe mkawaone sokwe na sokwe mtu kabla jua halijakaza, kwa sababu kukiwa na joto wanyama hujificha kivulini. Sokwe wa pale ni wa nyanda za magharibi. Waambieni watoto kwamba sokwe wa mashariki wa Grauer hupatikana Kongo ya mashariki peke yake, Kahuzi-Biega ikiwa mojawapo ya makazi yao.

Jua likipanda, pandeni treni inayozunguka uwanda wa Serengeti. Wadogo watapumzika huku wakitazama twiga na pundamilia. Mchezo wa maji wa Congo River Rapids uwekeni mchana, na mbebe nguo za kubadilisha.

Stanleyville ni Kisangani

Mkifika Stanleyville, kaeni kivulini mnywe maji na mzungumze. Jina hilo lilikuwa la mji wetu mkubwa, ambao tangu 1966 unaitwa Kisangani. Kwa miaka mingi ulikuwa makao makuu ya Jimbo la Mashariki, ambalo Ituri ilikuwa sehemu yake hadi 2015. Fungueni ramani kwenye simu: kutoka Bunia fuateni Komanda, Mambasa, Epulu, Nia-Nia na Bafwasende mpaka mtoni. Waonyesheni maporomoko ya Boyoma, ambako wavuvi Wagenia hutega mitego mikubwa ya miti katikati ya maji makali.

Usimwache mtoto arudi akidhani Stanleyville ni jina la mchezo. Mweleze kwamba Stanley, msafiri Mzungu, alipewa heshima ya mji ambako watu walikuwa wakiishi na kuvua kabla yake. Sema kwa maneno mepesi, bila kumharibia siku. Mtoto wa miaka saba anaelewa vizuri maana ya kurudishiwa jina lako.

Baada ya safari

Usiku ule acheni walale. Kesho yake, saa nne asubuhi ya Tampa, Bunia itakuwa saa kumi jioni, au saa kumi na moja majira ya baridi ya Marekani. Mpigieni simu bibi au babu, na kila mtoto aeleze jambo moja aliloliona, kisha aulize swali moja kuhusu Kisangani, Epulu au Bunia. Mwenye majibu ya maswali hayo yuko nyumbani, anasubiri kuulizwa.