Dondoo muhimu: Mzazi aliyejifungua kwa upasuaji

Ukitoka hospitali ya Bombo, Tanga, na mshono mbichi, ukifika nyumbani Makorora zungumza kwanza na bibi au shangazi atakayekuuguza. Mwambie mapema, kwa heshima: kukanda tumbo kwa maji ya moto, safari hii hapana. Chini ya mshono unaoonekana upo mwingine, kwenye mfuko wa uzazi, nao unahitaji muda. Akitaka kukukanda, akukande mabega. Mkaja nao usikazwe juu ya kidonda.

Kuamka kitandani: geukia ubavu, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Ukikohoa, kumbatia mto tumboni. Maumivu yanapungua kweli. Tembea kidogo kidogo kila siku, hata ukumbini tu, damu isije ikaganda miguuni.

Kwa wiki 6 usiinue kitu kizito kuliko mtoto. Ndoo ya maji aibebe baba mtoto.

Kidonda kiwe kikavu, usikipake chochote usichoandikiwa. Ukiona homa, usaha, harufu mbaya, damu nyingi au mguu mmoja umevimba na unauma, rudi hospitali siku hiyohiyo. Usingoje arobaini.