MTAMBUE PANZI MCHANGA KABLA MTOTO HAJAMLA



Watoto wanapochunga mbuzi huokota panzi, huwachoma na kuwala. Wako panzi wanaofaa kuliwa. Wako pia wenye sumu. Tujifunze kuwatambua.

Panzi mchanga yukoje?
Panzi hutaga mayai ardhini. Mtoto wake akianguliwa hufanana na wazazi, lakini ni mdogo na hana mabawa. Hujivua ngozi mara kadhaa. Kila akijivua, hukua. Mabawa huanza kuota mgongoni kama vijani vidogo.

Panzi kunuka
Huyu ndiye wa kuogopwa. Akiwa mchanga ni mweusi, mwenye madoa ya njano au meupe. Hukaa na wenzake kwa kundi juu ya majani. Baadaye huvamia mihogo. Hutembea polepole. Ukimshika, hutoa harufu mbaya. Hupata sumu kutoka katika mimea fulani anayokula, akaiweka mwilini mwake. Usimle.

Tunutu
Hawa ni watoto wa nzige. Wakiwa wengi, nao huwa na rangi nyeusi na njano. Hutembea ardhini kwa makundi makubwa. Ukiwaona, mwarifu mtaalamu wa kilimo upesi. Usiwale, kwani huenda wamenyunyiziwa dawa. Mwishoni mwa mwaka 2019 nzige waliingia Kenya, na mwaka 2020 dawa ilinyunyizwa sehemu nyingi.

Senene
Senene wanaoliwa Kagera ni wa kijani au kahawia. Vipapasio vyao ni virefu kuliko mwili. Vya panzi kunuka ni vifupi.

Tufanye nini?
1. Tuwaonyeshe watoto panzi kunuka, tuwakataze kumla.
2. Tusile panzi tusiyemjua, hata akiwa wa kijani.
3. Tusile panzi wa shamba lililopigwa dawa. Kumchoma hakuondoi dawa.
4. Mtoto akila panzi kisha akatapika, akaumwa tumbo au akalegea, mpelekeni zahanati mara moja. Msimlazimishe kutapika. Chukueni panzi kama huyo ndani ya kopo, mganga amwone.

Maneno mapya
Kujivua: kutoka katika ngozi ya zamani.
Vipapasio: nyuzi mbili zilizo kichwani mwa mdudu.

Maswali
1. Panzi mchanga hana kitu gani?
2. Taja dalili tatu za panzi kunuka.
3. Je, watoto wa kijiji chako wanamjua?