Gari Kuukuu na Daftari Lake

Zamani mkulima wa Zagayu aliyeuza pamba nyingi alinunua ng'ombe. Wengine walinunua plau, wengine baiskeli. Siku hizi wako wanaonunua gari. Si gari jipya. Ni gari kuukuu, lililotumika Japani kwa miaka mingi, kisha likatumika Mwanza au Dar es Salaam kwa miaka mingine. Sasa linauzwa kwa bei nafuu.

Gari la namna hiyo ni msaada mkubwa. Mama akishikwa na uchungu usiku, hapakiwi tena kwenye baiskeli. Lakini gari hilo hilo laweza kumaliza ng'ombe wote zizini. Asiyejua kusoma hutegemea maneno ya muuzaji na ya fundi. Wewe unajua kusoma. Basi jifunze kulisoma gari.

Kabla ya kununua

Anza na kadi ya gari. Kadi hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Ina jina la mwenye gari, namba ya gari, mwaka lilipotengenezwa na namba ya chesisi. Mwambie muuzaji akuonyeshe namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati la gari. Ilinganishe na ile ya kadi, tarakimu kwa tarakimu. Hata tarakimu moja ikitofautiana, usitoe pesa. Kama jina la kwenye kadi si la muuzaji, umtafute mwenye jina. Andikeni mkataba mbele ya mashahidi, kisha jina libadilishwe kwenye kadi.

Sasa inama usome matairi. Ubavuni mwa tairi pana herufi DOT. Mwisho wa mstari huo pana tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi likipita miaka 10 lisitumike, hata kama si kipara. Mpira huzeeka kama ngozi ya ngoma, ukapasuka.

Kilometa zilizoandikwa mbele ya dereva usiziamini sana. Wako watu wanaozirudisha nyuma.

Maji ya injini

Injini huchoma mafuta ndani yake, kwa hiyo hupata moto mkali. Maji huzunguka ndani ya injini na kubeba joto hilo. Kisha hupita kwenye rejeta, na upepo huyapoza. Maji yakipungua, joto hubaki ndani. Chuma hupinda. Gasketi huungua, na maji huingia kwenye oili.

Tuchukue mfano. Mkulima mmoja ana Toyota Corolla kuukuu. Rejeta yake inavuja tone moja moja. Kila asubuhi anaongeza maji kidogo. Fundi anamwambia:

"Mzee, rejeta hii tuizibe leo."

"Subiri, fundi. Nitakuja nikishauza pamba."

Wiki ya tatu anampakia mgonjwa kwenda hospitali ya Bariadi. Njiani mshale wa joto unapanda. Anauona. Anasema moyoni, "Nifike tu, nitaangalia huko." Hafiki. Injini inazimika katikati ya mbuga, na mgonjwa anamalizia safari kwenye pikipiki ya mpita njia, ameshikiliwa na mkewe. Kazi ya fundi ya saa chache sasa imekuwa kazi ya kutafuta injini nyingine. Pamba ya msimu ule imekwenda.

Mkulima huyu angefanya nini? Mshale ulipoanza kupanda, angesimama na kuzima injini. Angengoja mpaka injini ipoe kabisa, hata kama ni saa nzima. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, maana mvuke wake huunguza uso. Wala maji baridi hayamiminwi kwenye injini ya moto. Chuma chaweza kupasuka.

Wako mafundi wanaotoa termostati, yaani kile kifaa kidogo kinachofungua na kufunga njia ya maji, ili eti gari lisichemke. Hiyo ni kuficha ugonjwa. Injini hukaa baridi mno na kula mafuta zaidi, na rejeta inaendelea kuvuja.

Oili

Pima oili asubuhi, kabla ya kuwasha injini, gari likiwa mahali tambarare. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kisha kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe gari. Mwite fundi.

Wakati wa kiangazi vumbi letu huziba kichujio cha hewa. Kitoe mara kwa mara ukikung'ute, na kikichoka nunua kingine. Wakati wa mvua udongo mweusi wa mbuga hugandamana kwenye magurudumu. Uoshe, ndipo fundi aweze kuona breki.

Daftari la gari

Nunua daftari la shule. Andika hivi:

Juni 3. Kilometa 184,200. Oili imebadilishwa. Mafuta lita 20.

Juni 6. Maji yamepungua, kikombe 1.

Juni 8. Maji yamepungua, vikombe 2.

Juni 9. Kilometa 184,400. Mafuta yamekwisha. Maji yamepungua, vikombe 3.

Tazama maji. Kichwa husahau vikombe, daftari halisahau. Tazama mafuta pia: kilometa 200 kwa lita 20 ni kilometa 10 kwa lita moja. Mwezi ujao ukipata kilometa 7 tu, pana sababu. Huenda kichujio kimeziba, matairi hayana upepo, breki zinashika, au mafuta yanauzwa na kijana uliyemwachia funguo.

Andika pia siku bima inapokwisha. Sheria inataka angalau ile bima ndogo. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, na serikali ikaongeza ushuru kwenye mafuta. Kwa hiyo anayekudai ada hiyo leo, mwombe akuonyeshe maandishi.

Maswali

1. Tairi lina tarakimu 4109. Lilitengenezwa lini? Je, ungelinunua?

2. Mafuta lita 15 yamekwenda kilometa 120. Ni kilometa ngapi kwa lita moja?

3. Mkulima wa Corolla alipata nafasi ngapi za kuokoa injini yake? Zungumzeni darasani.