Namna ya Kushughulikia Barua Pepe za Mkuu wa Kazi Baada ya Saa za Kazi

Barua pepe ya kazi inayoingia usiku, iwe imetumwa kwenye anwani rasmi ya ofisi au imefuatiwa na ujumbe katika kundi la WhatsApp la idara, huzua maswali mawili ambayo watumishi wengi huyachanganya: je, jambo hili ni lazima lifanywe sasa; na likifanywa sasa, muda huo unahesabiwa kuwa ni kazi? Makala haya yanaeleza namna ya kuyatenganisha maswali hayo katika mazingira ya wilaya za Mbulu na Hanang nchini Tanzania, ambako afisa ugani, mwalimu mkuu na mtendaji wa kata hupokea maagizo kutoka Dongobesh, Mbulu mjini au Katesh, nayo maagizo hayo mara nyingi yameanzia Babati au Dodoma.

Kwanza, zijulikane saa za kazi

Ofisi za serikali kwa kawaida hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Kwa waajiriwa kwa ujumla, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imeweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki. Kazi inayovuka ukomo huo huitwa kazi ya saa za ziada, ambayo hufanywa kwa makubaliano, haizidi saa 50 katika kipindi cha wiki 4, na hulipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Sheria hiyohiyo inampa mwajiriwa mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku na saa 24 mfululizo kila wiki.

Lipo jambo ambalo aghalabu husahaulika, nalo ni kwamba masharti hayo ya saa hayamhusu mtu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mkuu anayeandika saa 4 usiku huenda yeye mwenyewe yuko nje ya kinga hiyo, na kwa sababu hiyo mazoea yake hayawezi kuwa kipimo cha walio chini yake.

Pili, ujumbe upimwe kabla ya kujibiwa

Dharura ina hukumu yake, na sheria yenyewe imelegeza ukomo wa saa kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanywa katika muda wa kawaida. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoikumba Katesh na maeneo jirani kama Gendabi asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, na kuua watu zaidi ya 80, wito wa kazi siku hiyo haukuwa wa kungoja Jumatatu. Kipimo kinachofaa, basi, ni kuuliza kama yupo mtu atakayedhurika au huduma itakayosimama kabla ya kupambazuka. Jibu likiwa ndiyo, mtumishi apige simu mara moja na aende panapohitajika. Likiwa siyo, ujumbe unaweza kulala hadi asubuhi.

Tatu, jibu liwe fupi na lenye muda

Ichukuliwe kwamba mkuu wa idara ameandika saa 3 usiku akitaka makadirio ya mavuno ya vitunguu saumu ya kata ya Bashay, ilhali rejesta ya wakulima imefungiwa kabatini ofisini. Afisa ugani akinyamaza, ataonekana mzembe. Akikisia tarakimu ili aonekane mtiifu, kisio hilo litapanda hadi mkoani na kugeuka takwimu rasmi ambayo mipango ya pembejeo itajengwa juu yake. Njia iliyo salama ni kuandika hivi: “Shikamoo Mkuu. Nimepokea barua pepe yako. Rejesta ya Bashay iko ofisini, hivyo makadirio yatakufikia kesho kabla ya saa 3:00 asubuhi. Ikiwa yanahitajika usiku huu, naomba unipigie simu.” Jibu la namna hii linatunza heshima, linataja muda unaotekelezeka na kumwachia mkuu nafasi ya kueleza iwapo kweli pana haraka.

Nne, makubaliano yafanywe mchana

Mkuu naye husukumwa na walio juu yake, kwa hiyo malumbano ya usiku hayamsaidii yeyote. Inafaa suala hili liletwe kwenye kikao cha idara, ambapo yatakubaliwa mambo matatu: kalenda ya taarifa za kila mwezi na kila robo mwaka, ili zisidaiwe ghafla, njia moja ya dharura, yaani simu, na zamu ya anayepokea simu hizo. Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kujitenga na mawasiliano ya kazi, maana yake haki ya kutoshughulikia ujumbe wa kazi wakati wa mapumziko. Na nchini Kenya, Seneta Samson Cherargei wa Nandi aliwasilisha muswada wenye shabaha hiyohiyo mwaka 2022. Idara ya wilaya haihitaji kungoja sheria mpya ili ikubaliane jambo kama hilo.

Tano, kumbukumbu zitunzwe

Kazi ya usiku ikiwa imeagizwa na imefanyika, mtumishi aandike tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, na jina la kazi, kisha ahifadhi barua pepe iliyoiagiza. Kumbukumbu hizo ndizo msingi wa madai ya malipo. Yakikataliwa, mwajiriwa wa sekta binafsi anaweza kufungua mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na mtumishi wa umma huanzia katika ngazi za ndani za utumishi wake. Kudai hivyo si utovu wa nidhamu, kwa kuwa utii unaodaiwa na sheria ni ule unaoheshimu pia mapumziko ambayo sheria hiyohiyo imeyatoa.