Kipimo "Nyeti" cha Homa ya Nguruwe: Utata wa Istilahi

Makala haya yanajadili istilahi moja, "nyeti", kama itumikavyo kueleza vipimo vya kimolekuli vya homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu hauna tiba, na ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na R. E. Montgomery mwaka 1921 kutokana na vifo vya nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Ngiri, kama wale wa Mbuga ya Ziwa Nakuru, huweza kubeba virusi vyake pasipo kuugua. Papasi waishio katika mashimo ya ngiri ndio waenezaji. (Kiswahili, kwa bahati njema, hakimchanganyi papasi na kupe.)

Nguruwe wengi hufa kabla miili yao haijaunda kingamwili, hivyo kuzitafuta kingamwili aghalabu ni kuchelewa. Mmenyuko mnyororo wa polimerasi, uliobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, hutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Joto hupandishwa na kushushwa, nacho kimeng'enya hunakili kipande kilichoteuliwa. Kila mzunguko nakala huongezeka maradufu. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja huweza kuzaa nakala zaidi ya bilioni moja. Uwezo huo wa kugundua kiasi kidogo mno ndio uitwao unyeti.

Hata hivyo, katika matumizi ya kawaida, jambo nyeti ni la kusetiriwa. Mfugaji wa Njoro akiambiwa kwamba nguruwe wake wamepimwa kwa kipimo nyeti, yamkini ataelewa kuwa majibu ni ya siri. "Upekuzi" lingefaa zaidi, ijapokuwa nalo lina harufu ya udaku: mpekuzi hufunua kila kilichofichika, hata kiwe kidogo namna gani.

Utata mkubwa zaidi umo katika kutoa majibu. "Nguruwe huyu hana virusi" si sawa na "virusi havikuonekana katika damu iliyopimwa". Kipimo kiwe pekuzi kiasi gani, damu iliyotolewa mapema mno baada ya maambukizi huenda isiwe na cha kunakiliwa. Mfugaji aliyesomewa sentensi ya kwanza humwingiza nguruwe mgeni zizini siku iyo hiyo. Aliyesomewa ya pili ana sababu ya kumtenga na kuomba apimwe tena.