Utarudisha au utajaza? Vitenzi vya kunyoosha bodi ya gari katika gereji za Kimemi

Katika masomo ya uundaji wa istilahi, mifano yetu mingi hutoka kwenye sheria, tiba na kompyuta. Huko kuna kamati, kamusi na wataalamu wanaolipwa kufikiri juu ya maneno. Makala haya yanachukua mfano wa mahali pasipo na kamati: gereji za mafundi wa bodi katika wilaya ya Kimemi, mjini Butembo. Mlango wa gari ukibonyea, fundi anaweza kuufanyia moja ya kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Hata hivyo, mara nyingi nimesikia mteja na fundi wakizitaja zote mbili kwa kitenzi kimoja tu, kutengeneza. Nataka kuuliza kama Kiswahili hakina maneno ya kuzitenganisha, au ni sisi ambao hatujayatumia.

1. Kazi mbili zenye jina moja

Kazi ya kwanza tunaifahamu wote. Fundi anagonga na kuvuta bati mpaka likaribie umbo lake. Kishimo kinachobaki anakijaza mastiki, yaani ule udongo wa plastiki unaochanganywa na dawa ya kuugandisha. Baadaye anapiga msasa, anapaka rangi ya chini, kisha rangi yenyewe.

Katika kazi ya pili rangi haiguswi. Fundi anapitisha vyuma virefu vyembamba nyuma ya bati, kupitia nafasi ya kioo, tundu la taa au sehemu aliyofungua kwa ndani. Anasukuma kidogo kidogo huku akitazama mwanga wa taa, au mistari ya ubao, unavyoakisiwa juu ya rangi. Mistari ikipinda, bati bado halijarudi, ikinyooka, limefika. Pasipo na njia ya kupita nyuma, anabandika kipande cha plastiki kwa gundi na kuvuta kutoka nje. Sehemu zilizoinuka anazigonga taratibu kwa kifaa butu. Wafaransa huiita kazi hii «débosselage sans peinture». Wanaosimulia historia yake humtaja Mjerumani Oskar Flaig na mwaka 1960. Ulaya na Marekani imeenea sana kwa ajili ya mvua ya mawe, ambayo huacha vishimo vingi juu ya gari bila kupasua rangi.

Si kila kishimo kinakubali kazi ya pili. Rangi ikiwa imepasuka, bati likiwa limevutika sana au limekunjika kwenye ukingo, au pakiwa na mastiki ya zamani, fundi hana budi kurudi kwenye kazi ya kwanza. Kujaza mastiki, kwa hiyo, si udanganyifu. Ni kazi halali yenye mahali pake.

Tofauti iko katika kile kinachobaki juu ya gari. Rangi ya kiwandani hukaushwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 140 hivi, kabla gari halijatiwa viti, nyaya na mipira. Gari lililokwisha kukamilika haliwezi kutiwa joto hilo. Hata gereji zenye chumba maalumu cha rangi hukaushia kwenye nyuzi 60 hivi. Mastiki nayo ikiwekwa nene au vibaya hupasuka, maji yakaingia, kutu ikaanza chini yake. Katika mji ambao magari mengi huingia yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, mnunuzi ana haki ya kujua kama anatazama bati au udongo uliopakwa rangi. Wenye uzoefu hupitisha sumaku: penye mastiki nene, hainati vizuri. Asiye na sumaku anabaki na njia moja, kuuliza. Na ili kuuliza anahitaji neno.

2. Tumekopa majina, hatukukopa vitenzi

Lugha ya gereji zetu imejaa Kifaransa kilichotoholewa. Anayenyoosha bodi ni tolie, na wakiwa wengi ni batolie, kwa kiambishi ba- cha Kiswahili chetu mahali pa wa- ya Kiswahili sanifu. Bodi yote ni karoseri, kifuniko cha injini ni kapo, na kuna mastiki na parishoki. Kanuni ya utohoaji ni ile tunayofundishwa darasani: silabi funge hufunguliwa kwa kuongezewa irabu. Ndiyo maana «mastic» huwa mastiki, lakini «capot» haihitaji kuongezewa kitu, kwa kuwa matamshi yake tayari yanaishia kwenye irabu.

Jambo la kuangalia ni kwamba maneno haya yote ni nomino. Yanataja mtu, kifaa au sehemu ya gari. Vitenzi vimebaki vya Kiswahili: kutengeneza, kugonga, kupaka, kutosha. Hili halishangazi, kwani lugha nyingi hukopa nomino kwa urahisi kuliko vitenzi. Lakini katika suala letu lina gharama. Mlango ni uleule na fundi ni yuleyule; kinachotofautisha kazi zetu mbili ni tendo. Mkopo wetu umejaza nafasi za vitu na kuacha wazi nafasi ya tendo.

Kitenzi kutosha kinastahili maneno machache. Katika Kiswahili sanifu ni kuwa na kiasi kinachohitajika. Kwetu kina pia maana ya kutoa: «Utanitoshea hii shimo?» Wageni kutoka pwani hucheka, lakini umbo hili ni la kanuni kabisa. Kama waka inavyozaa washa, na anguka inavyozaa angusha, ndivyo toka inavyozaa tosha. Hata hivyo, kitenzi hiki hakimsaidii mteja wetu. Shimo linaweza kutoshwa kwa kusukumwa, na linaweza kutoshwa kwa kujazwa.

Tukivuka mpaka hatupati msaada mkubwa zaidi. Nchini Tanzania husemwa kunyoosha bodi, na mara nyingi hufuatwa na kupiga rangi, kama kwamba tendo la kwanza haliwezi kuja bila la pili.

3. Kwa nini hatusemi *kubonyua?

Mwanafunzi wa mofolojia atauliza: kwa nini tusitumie kauli ya kutendua? Kiswahili kina kiambishi kinachofuta tendo: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, tega, tegua. Zamani kiambishi hiki kilikuwa na l, ambayo bado inajitokeza katika kauli ya kutendwa: fungua, lakini funguliwa. Bonyea ipo, na bonyeza ipo, kwa uhusiano uleule wa potea na poteza. Kwa nini *bonyua haipo?

Tazama vitenzi vinavyokubali kutenduliwa. Vingi ni vya kukishika kitu katika hali fulani: kukifunga, kukiziba, kukikunja, kukitega. Kutendua ni kukiachilia. Vitenzi vya kuharibu havina jozi za namna hiyo. Hatusemi *vunjua kwa maana ya kuunga kilichovunjika, wala kukwaruza hakuna kinyume chake. Pinda ina pindua, lakini maana imehama: ni kugeuza juu chini, si kunyoosha kilichopinda. Kwa mantiki hii, kilichoharibika hakitenduliwi. Kinaungwa, kinazibwa, kinarekebishwa. Yaani kinafanyiwa tendo jipya.

Mtu anaweza kupinga kwa kutaja kwama na kwamua, kwa sababu kukwama ni ajali. Pingamizi hili linatufundisha zaidi. Kilichokwama hakijaharibika, kimeshikwa. Na hapa ufundi unatoa jibu ambalo sarufi peke yake isingelitoa. Kishimo kidogo ambacho rangi yake haijapasuka kwa kiasi kikubwa ni bati lililoshikwa. Ukingo ulioinuka kukizunguka ndio unaokizuia kurudi. Fundi akiulegeza ukingo huo na kusukuma kwa subira, sehemu kubwa ya bati inaelekea mahali pake pa mwanzo. Lugha imekiweka kishimo pamoja na uharibifu, wakati kishimo cha aina hii kinafanana zaidi na kukwama. Kinaweza kutenduliwa.

4. Mtego wa «bila rangi»

Anayetafsiri istilahi ya Kifaransa neno kwa neno ataandika «kutengeneza mibonyeo bila rangi». Nililijaribu fungu hili kwa tolie mmoja wa Kimemi. Alitazama mlango uliokuwa mbele yake, akajibu: «Bila rangi namna gani? Mwenye gari atakubali aende na mulango mweupe?» Alikuwa sahihi. Kwa msikilizaji wetu, bila rangi ni gari lililoachwa kabla kazi haijakwisha.

Tatizo lina sababu mbili. Kwanza, rangi kwa Kiswahili ni «couleur» na pia ni «peinture». Pili, bila ikifuatwa na nomino haisemi ni tendo gani ambalo halikufanyika. Kifaransa nacho kina utata huo, lakini mazoea ya kazi yameuondoa. Sisi hatuna mazoea hayo bado, kwa hiyo fungu letu linahitaji kitenzi: bila kupaka rangi, au bora zaidi, bila kugusa rangi. La kwanza linaeleza kazi ambayo fundi hakuifanya. La pili linamwahidi mteja kwamba rangi aliyokuja nayo ndiyo atakayoondoka nayo.

5. Pendekezo

Sipendekezi tubuni *kubonyua. Neno lisiloeleweka mbele ya mlango uliobonyea halitasaidia mtu. Kukwamua nako, katika mji wenye barabara zetu, kutamfanya kila mtu atafute kamba na matope. Napendekeza vitenzi viwili ambavyo kila mteja tayari anavyo: kurudisha na kujaza. Kurudisha ni kulifanya bati lenyewe lirudi mahali pake. Kujaza ni kuliwekea kitu kingine mahali ambapo halikufika. Kwa maandishi rasmi tunaweza kusema urudishaji wa bodi bila kugusa rangi, kwa upande mmoja, na ujazaji wa bodi kwa mastiki, kwa upande wa pili. Kutengeneza kubaki neno la jumla, lakini lisiwe neno la mwisho katika mapatano.

Istilahi nzuri hupimwa kwa kazi inayofanya mdomoni mwa asiye mtaalamu. Mteja anayeuliza «Utarudisha au utajaza?» amejua mambo matatu kwa swali moja: kitakachobaki juu ya gari lake, sababu ya bei anayotajiwa, na kitu cha kumweleza atakayelinunua kesho. Fundi naye anapata nafasi ya kueleza kwa heshima: «Hapa rangi imepasuka, itabidi kujaza.» Hakuna anayedanganywa, na hakuna neno hata moja lililobuniwa.

Mazoezi kwa wasomaji

(a) Kusanya jozi kumi za vitenzi vya Kinande, au vya lugha nyingine ya Kibantu unayoizungumza, zenye kiambishi cha kutendua. Je, kuna kitenzi cha kuharibu miongoni mwake? Kikiwepo, kilichoharibiwa kinaweza kusemwa kuwa kimeshikwa tu?

(b) Chagua kazi nyingine ya mikono iliyo karibu nawe, kama useremala, ushonaji au utengenezaji wa pikipiki. Orodhesha nomino na vitenzi vilivyokopwa kutoka Kifaransa. Mahali ambapo kitenzi kimoja kinafunika kazi mbili, uliza ni nani anayepata hasara kwa kukosa la pili.